Nyuzi Tano Upande wa Kulia

"Mia moja na kumi," alisema mkaguzi, akaandika.

Nilikuwa nimekaa nyuma yao, saa ya kuhesabia sekunde mkononi, mifuko ya mchanga imenibana huku na huku. Mbele kushoto alikaa mjomba wangu, rubani. Mbele kulia alikaa mkaguzi, mwanamke mwembamba aliyechomeka kalamu mbili kwenye nywele na kuandika kwa ya tatu. Injini ya kushoto ilikuwa imezimwa makusudi, mapangaboi yake yamegeuzwa ukingo kwa upepo na kutulia kama mkono wa mtu aliyelala. Ya kulia ilikuwa ikifanya kazi peke yake kwa nguvu zote. Hiyo ya kulia ilikuwa yangu.

Jaribio lenyewe ni rahisi kulieleza. Unaijaza ndege uzito wote inaoruhusiwa kubeba, unaipeleka juu, unazima injini moja, kisha unahesabu kwa dakika moja imepanda futi ngapi. Kitabu cha ndege yetu kilisema kwamba kwa kimo kile na joto la asubuhi ile tutegemee futi mia moja na tisini. Ikipungua mia na sitini, haibebi abiria. Tulirudia mara tatu. Mia na kumi, mia na tano, mia na kumi na tano.

Watu wasiojua hudhani ndege ya injini mbili ikipoteza moja imepoteza nusu. Laiti ingekuwa hivyo. Chukua watu wawili wanaopandisha kabati ngazini. Mmoja akiachia, yule wa pili hapandi kwa nusu ya mwendo; anamshukuru Mungu kwamba kabati halijamlalia. Injini iliyobaki hutumia nguvu zake karibu zote kuizuia ndege isishuke. Kinachobaki cha kupandia ni makombo, na roho za abiria zinaning'inia kwenye makombo hayo. Ndiyo maana tunayapima.

Tuliposhuka, mkaguzi alikunja karatasi zake bawani na kumuuliza mjomba, "Rubani, wewe unaionaje?"

Mjomba alivua miwani, akaifuta kwa tai. Akatazama mbali. "Injini imechoka," alisema.

Nilihisi masikio yanawaka. Imechoka. Injini niliyoifungua mpaka skrubu ya mwisho, nikaisafisha, nikaipima, nikaibadilishia kila kilichokula chumvi nyingi, nikaifunga tena kwa wiki tisa, hata nikawa naota namba za kukazia nati. Ilikuwa injini ya kwanza kutoka karakana yetu ikiwa na saini yangu kitabuni. Saini ya fundi mkuu ipo kwenye injini mia. Yangu ilikuwa kwenye hiyo moja tu.

"Haijachoka," nilisema. "Ina saa nne tangu izaliwe upya."

"Injini haina mdomo wa kudanganya, kijana," alisema fundi mkuu, ambaye alikuwa amekuja na kitambaa chake cha mafuta begani. "Wenye midomo ni mafundi."

Mkaguzi hakucheka. Alisema atarudi Ijumaa kurudia jaribio. Namba ikiwa ileile, injini ya kulia itatolewa na kupelekwa kiwandani ikafunguliwe na wengine, na mimi nitanyang'anywa ruhusa ya kutia saini, nirudi kufanya kazi chini ya kalamu ya mtu mwingine. Kwa muda gani? Akasema hilo haliamui yeye. Alilisema kwa upole, na upole huo ndio ulioniuma zaidi.

Nieleze kidogo habari za ndege na za mjomba, maana huwezi kumjua mmoja bila mwingine.

Ndege yenyewe ni ya viti sita, nyeupe, yenye mstari wa buluu uliopauka. Mke wa mjomba huiita mke mwenzake. "Nenda kwa mke mwenzangu," humwambia mumewe kila asubuhi akimkabidhi chupa ya chai, "na umwambie ajue mimi ndiye mkubwa." Jina hilo lilifika karakanani, likakaa. Hata fundi mkuu, ambaye hana masihara, huandika ubaoni: Mke Mwenza, badilisha tairi la pua.

Na mjomba ana jina lake. Abiria walimwita Maji Mtungini, kwa sababu ukipanda naye hutikisiki. Yupo mfanyabiashara aliyenyoa ndevu angani kwa wembe na kushuka bila mkwaruzo. Kona mjomba huikata pana, polepole, kama anayempita mtoto aliyelala. Wengine huinamisha ndege ili abiria aione mito. Mjomba husema mito utaiona ukishuka. Kwenye ubao wa vyombo kuna kikombe kidogo cha kioo kilichopinda, ndani yake kigololi cheusi kinachoteleza huku na huku kuonyesha kama ndege imenyooka. Kwa mjomba kigololi hicho hakisogei. Kinakaa katikati kama mboni ya jicho. "Kigololi changu," hunitambia, "kimelala katikati tangu hujaota meno."

Yeye ni mdogo wake mama. Ndiye aliyenileta karakanani nilipomaliza shule bila cheti cha maana, akaniambia, "Mjomba, hapa hakuna anayeuliza ulipata ngapi. Hapa nati imekaza au haijakaza." Vingine vyote nilijifundisha. Vitabu vya injini nilivisoma na kamusi pajani, kama nilivyojifundisha kutunga mashairi kwa kuhesabu vidole. Sina mwalimu wa kumshukuru katika hayo mawili, na sioni haya kulisema.

Kwa hiyo mtu huyo aliposema mbele ya mkaguzi kwamba injini yangu imechoka, niliona nimjibu kwa spana. Niliingia karakanani nikaanza kazi.

Jumatatu hiyohiyo, mpaka jioni, nilipima mbano wa silinda moja moja. Zote sita zilikuwa sawa, tofauti yake haifiki hata unene wa kope. Nilitoa plagi, zilikuwa na rangi ya kahawia nyepesi, rangi ambayo fundi akiiona hupiga mluzi. Jumanne nilipima mwendo wa petroli na wakati wa cheche, nikapima pembe ya mapanga kwa rula ya pembe, nikatazama kila mpira wa hewa kwa tochi. Fundi mkuu alikuwa akipita na kusimama nyuma yangu, ananusa.

"Umepata nini?"

"Nimepata injini nzima."

"Rudia."

Nilirudia. Jumatano saa nne asubuhi nilikuwa nimekaa chini ya bawa, mikono mitupu, nikiwa na hasira ya mtu aliyetafuta kosa lake kwa uaminifu na kulikosa. Hapo nikafanya jambo ambalo ningelifanya siku ya kwanza kama si hasira. Nilichukua kitabu cha ndege nikafungua ukurasa wa jedwali la kupanda kwa injini moja. Si kwa ajili ya namba. Namba nilikuwa nazo kichwani. Nilitaka kujua waliozipata walizipataje.

Chini kabisa ya jedwali, kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa, palikuwa na maneno ambayo sisi wote tulikuwa tumeyapita kwa miaka. Yalisema kwamba takwimu hizi zilipimwa bawa likiwa limeinamishwa nyuzi tano upande wa injini inayofanya kazi.

Nilisoma mara nne. Kisha nikalala chali sakafuni, nikacheka peke yangu hadi mlinzi akachungulia.

Jambo lenyewe ni hili. Ndege ikivutwa na injini moja ya kulia, pua inataka kukimbilia kushoto. Rubani anaizuia kwa kukanyaga usukani wa mkia. Akiweka mabawa sawasawa na kigololi katikati, machoni pake kila kitu kimenyooka. Lakini ndege haiendi mbele kwa pua. Inaenda imetanguliza ubavu kidogo, kama mtu anayepita sokoni kwa bega. Upepo unaipiga ubavuni na kula yale makombo ya kupandia. Dawa yake ni kulaza bawa kidogo upande wa injini iliyo hai na kuacha kigololi kitoke katikati, karibu nusu yake. Hapo ndipo ndege inapougeuzia upepo uso. Injini zote mbili zikiwa hai, kigololi cha katikati husema kweli. Moja ikifa, hudanganya.

Na mjomba wangu, Maji Mtungini, alikuwa amekiamini. Miaka yote hiyo watahini walipomzimia injini walitazama kama ndege inayumba. Haikuyumba, wakampa mkono. Hakuna aliyehesabu futi, maana siku hizo ndege ilipimwa tupu, na ndege tupu hupanda hata ukiikosea adabu. Safari hii ndiyo ya kwanza kupimwa na mchanga wote ule, na mkaguzi ni mtu wa namba, si rubani. Aliangalia saa na kipima kimo. Kigololi hakikumhusu.

Sasa nimwambieje?

Usinione mwoga. Fundi mkuu ningemwambia papo hapo, tena kwa sauti. Lakini kumwambia mjomba wako, aliyeanza kuruka kabla mama yako hajakubeba, kwamba hajui kuruka kwa injini moja, hilo halina spana yake. Nikaona nitumie shairi. Maneno ambayo mdomo hauyawezi, shairi huyabeba bila kumtazama mtu usoni. Na mjomba husoma ukurasa wa mashairi gazetini kabla hata ya hali ya hewa. Nikaandika ubeti mmoja, nikaubana kwenye karatasi zake za safari:

Mjomba nakusalimu, rubani wangu hodari,
Neno langu si la sumu, wala silo la kiburi,
Upande wenye jukumu, ushushe kwa hadhari,
Nyuzi tano ni muhimu, tupande juu kwa ari.

Alasiri alinijia karakanani, karatasi mkononi. Nikasimama.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Mstari wa tatu umepungua mizani moja."

"Wapi?"

"Hesabu. Ushushe kwa hadhari. Saba. Weka tahadhari, utimie." Akakunja karatasi, akaitia mfukoni mwangu, akaupapasa mfuko. "Vina ni vizuri. Unakua."

"Na maana yake, mjomba?"

"Maana yake nimeiona." Alikuwa bado anatabasamu, lakini macho yalikuwa yameshaondoka. "Unataka kunifundisha kuruka."

"Ni kitabu kinachosema. Chini ya jedwali."

"Kitabu kimeandikwa na mtu aliyekaa kwenye kiti kisichoruka. Mimi nimelala na ndege hii miaka ishirini na sita."

"Na miaka ishirini na sita umeirusha kwa ubavu."

Nilijutia kabla sijafunga mdomo. Mjomba hakupandisha sauti, hajawahi. Alisema, "Mjomba, ukishindwa kurekebisha injini, usirekebishe watu," akaondoka na hatua zake zilezile za polepole. Alhamisi asubuhi hakunijibu salamu. Aliitikia kwa kidevu.

Alhamisi mchana ni zamu yangu kula kwao. Nilifikiri kutokwenda, nikajiambia kutokwenda ni kukiri, nikaenda.

Mke wa mjomba ni fundi cherehani. Sebule yao nusu ni sebule, nusu ni kiwanda: meza ya chakula yenye kitambaa cha plastiki, na hatua mbili kutoka hapo cherehani, marobota ya vitambaa, na sanamu ya mbao isiyo na kichwa ambayo siku hiyo ilikuwa imevaa gauni la bibi harusi lenye mkono mmoja. Tulikula. Mjomba aliniomba chumvi kwa kuitazama. Nikampa kwa kuisukuma.

"Enhe," alisema mke wa mjomba. "Mnapitishiana chumvi kama mabalozi wa nchi zenye vita. Nani kamuua nani?"

"Hakuna kitu, mama," nilisema.

"Baba watoto?"

"Muulize fundi. Siku hizi anajua kila kitu."

"Haya, fundi. Nami ni fundi, tutaelewana. Sema."

Nikasema yote: namba, saini yangu, Ijumaa, herufi ndogo chini ya jedwali. Nilimwonyesha kwa sahani na vijiko viwili, kijiko kimoja nimekiondoa. Mjomba aliendelea kula kana kwamba redio inatangaza habari za nchi nyingine. Mkewe alikunja uso, akainuka na kukaa kwenye cherehani. Akachukua kipande cha kitambaa, akakiingiza chini ya sindano kimepinda kidogo, akakanyaga. Kitambaa kilienda, lakini kwa kuvutana, mshono ukajikunja. Akakinyoosha, akakanyaga tena. Kikapita kama maji.

"Hivi?" aliuliza.

"Hivyo hivyo, mama."

"Yaani mke mwenzangu anaingia mshazari."

"Ndiyo."

"Na baba watoto hataki kumnyoosha."

"Amenyooka," alisema mjomba. "Ukimlaza ndiyo hajanyooka. Mimi silazi bawa. Unajua silazi."

Mke wa mjomba alikuwa bado ameshika kile kitambaa. Alimtazama mumewe kwa namna ambayo nilitamani kuwa nje.

"Subiri kwanza," alisema. "Ni kwa ajili yangu?"

Mjomba akatafuta mwiba kwenye samaki ambaye hakuwa na mwiba.

Mkewe akanigeukia. "Tulikuwa hata mwezi hatujamaliza tangu ndoa. Akanipandisha, akasema nikuonyeshe mji wetu unavyoonekana kutoka juu. Akalaza bawa. Nikaona paa la mama yangu liko pale dirishani. Mwanangu, nilimkaba shati huyu, vifungo vikaruka vyote, kimoja kikampiga jichoni."

"Viwili," alisema mjomba.

"Nikalia mpaka tunatua. Akaniapia kwamba sitaona bawa likilala tena maadamu yeye ndiye rubani. Nami sikupanda tena. Leo miaka ishirini na sita sijapanda." Akaangua kicheko, akakikata katikati. "Mimi nilidhani ulisema kunibembeleza tu. Kumbe mwenzangu umeifanya kanuni ya dunia. Unamnyooshea nani, na mimi niko chini nashona?"

"Nilikuahidi," alisema mjomba, na masikio yake, nawaapia, yalikuwa mekundu kwa namna ambayo ngozi yetu hairuhusu. "Sikusema nitanyoosha ukiwemo. Nilisema nitanyoosha."

"Jamani."

"Ahadi haina viti."

Nilitazama sahani yangu. Nilikuwa nimekuja na hasira yangu yote imepangwa vizuri kama spana kwenye sanduku, na sasa sikujua niiweke wapi. Nilikuwa nimemdhania kiburi, na kiburi anacho, kipo cha kutosha; lakini chini yake palikuwa na kitu hiki, na hakuna aliyewahi kukiona, hata mwenyewe aliyeahidiwa.

Mke wa mjomba aliinuka, akaenda nyuma ya kiti cha mumewe, akamwekea mikono mabegani. Sindano ya mkono ilikuwa vidoleni mwake, akaichomeka kwenye ukosi wa gauni lake asimchome.

"Nisikilize," alisema. "Ahadi yangu nimeila na nimeshiba. Nakufungua. Kesho mlaze huyo mwanamke kiasi mtoto anachotaka."

"Na kama mtoto anakosea?"

"Akikosea utamcheka mpaka aote mvi. Huoni raha hiyo?"

Mjomba alitafuna kwa muda mrefu. "Nitafikiri," alisema. Kisha akaniomba chumvi kwa mdomo.

Ijumaa palikuwa shwari kama Jumatatu, joto lilelile, hata nyuzi moja haikupungua. Nilipakia mifuko ya mchanga mwenyewe na kuihesabu mara mbili. Nilipomwamkia mjomba aliitikia, lakini hakusema lolote kuhusu kufikiri kwake, na mimi sikuuliza. Mkaguzi alifunga mkanda. Tukapanda.

Juu, mjomba alizima injini ya kushoto. Mapanga yakazunguka, yakazubaa, yakasimama. Ndege ikataka kugeuza pua. Mguu wake ukaizuia. Mabawa yakakaa sawasawa. Kigololi kikarudi katikati, kikatulia.

Nilikuwa nimeshika saa ile mpaka kidole kikafa ganzi. Niliweza kumsikia mkaguzi akigeuza karatasi. Nilitazama kigololi na nikaona, kama mtu anayetazama mlango ukifungwa, karakana, fundi mkuu na kitambaa chake, na miaka mingine ya kufanya kazi ambayo mwingine atatia saini.

"Nianze kuhesabu?" aliuliza mkaguzi.

"Usianze," alisema mjomba. Akakohoa. Bila kugeuka akasema, "Fundi. Hicho kigololi unakitaka wapi?"

"Nusu yake nje ya mstari, mjomba. Upande wa kulia."

"Nusu?"

"Nusu."

"Ni aibu kukitazama."

"Kitazame kipima kimo."

Akalaza bawa la kulia. Kidogo tu, mtu aliyekaa benchi na kuegemea mwenzake huinama zaidi. Mguu wake ukapunguza nguvu kwenye kanyagio. Kigololi kikateleza, kikakaa nusu ndani, nusu nje. Mlio wa upepo ulibadilika. Kwa siku zote zile kulikuwa na mvumo ubavuni ambao nilidhani ni wa ndege yenyewe, na sasa ukanyamaza, kama mtu aliyekuwa akinung'unika chumba cha pili amepata alichotaka. Sindano ya kupanda ikasita, ikajivuta juu.

"Anza," alisema mjomba.

Nilibonyeza saa. Hakuna aliyepumua kwa dakika nzima, au mimi sikupumua na nikadhani ni wote.

"Mia moja themanini na tano," alisema mkaguzi.

Tulirudia. Mia na tisini. Tukarudia. Mia na themanini na tano. Mjomba alipowasha injini ya kushoto ili turudi, alikirudisha kigololi katikati taratibu, kama mtu anayemfunika mwanawe shuka.

Nilidhani yamekwisha. Lakini tuliposhuka, mkaguzi alitandaza karatasi zote mbili bawani, ya Jumatatu na ya Ijumaa, na fundi mkuu akaja kusimama hapo na kitambaa chake.

"Namba ya Jumatatu siwezi kuitupa," alisema mkaguzi. "Kanuni inasema nichanganye za siku zote mbili nigawe, na nikigawa hamfiki mia na hamsini. Naitupa tu ikiwa sababu yake imeandikwa hapa, na imetiwa saini na mtu aliyeisababisha." Akaweka kidole kwenye nafasi tupu. Nafasi yenyewe ilikuwa pana, mistari mitatu.

Fundi mkuu alinitazama. Mimi nikamtazama mjomba. Yeye ana leseni ya miaka ishirini na sita bila doa, na karatasi ile ingekaa ndani ya faili lake daima, chini ya jina lake, wakaguzi wote wakiisoma.

Wiki nzima nilikuwa nimetunga maneno ambayo ningemwambia siku ya kushinda. Yalikuwa makali na yalikuwa na vina. Yote yalinikauka.

"Labda tuandike upepo," nilisema.

"Jumatatu hapakuwa na upepo," alisema mkaguzi. "Nimeandika mwenyewe."

"Basi joto. Mjomba, joto linaweza..."

"Nyamaza, mjomba," alinikatiza mjomba mwenyewe. "Unadanganya vibaya, hukuzoea." Akanyoosha mkono kwa mkaguzi. Mkaguzi alichomoa kalamu moja nywelani, akampa.

Mjomba alivaa miwani. Aliandika kwa herufi kubwa za mtu aliyejifunza kuandika ubaoni, bila haraka, akijaza mistari yote mitatu: Rubani alirusha kwa injini moja bila kuinamisha bawa upande wa injini inayofanya kazi, kama kitabu kinavyotaka. Injini haina kosa. Akatia saini. Akasoma alichoandika, akaongeza koma.

"Na nani aligundua?" aliuliza mkaguzi. "Naye anatakiwa kutia saini."

Mjomba akanipa kalamu. Nilisimama nayo.

"Saini," alisema, "usinitazame kama mchumba."

Nikatia saini chini ya yake. Niliikaza kalamu mno, saini ikatoka kubwa kuliko nafasi, ikapanda juu ya mkia wa saini ya mjomba. Mkaguzi aliichukua karatasi akaishikilia mbali kidogo kuiangalia.

"Saini kubwa hii," alisema, "kwa mtu mwenye injini moja."

"Ni ya ukoo," alisema mjomba, na akaenda kuanza kutoa mifuko ya mchanga.